Uzito kwenye gari la Pinewood Derby: maswali ninayoulizwa kila Januari

Kila Januari simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni wazazi wenzangu tunaoishi huku Marekani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, na hadithi zao zinafanana: mtoto amerudi kutoka skauti na kiboksi, ndani mna kipande cha mbao, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne ya kuyashikilia, na anasema hilo ni gari na wiki tano zijazo linaingia kwenye mbio. Kuchonga hakuwatishi, wengi wetu tulichonga magari ya mabua na kufunga ya waya tukiwa wadogo. Rangi nayo haiwatishi. Wanapokwama ni kwenye uzito: uwe kiasi gani, uwe wa kitu gani, na hasa ukae wapi. Nimetengeneza magari haya na watoto wangu watatu kwa miaka minane, na haya ndiyo majibu ninayowapa watu kwa simu. Nimeyaandika ili uyasome ukiwa na mbao mkononi na mtoto pembeni.

Haya mashindano ni nini, na yametoka wapi?

Pinewood Derby ni mbio za vigari vya mbao vinavyoshuka mteremko kwa uzito wake vyenyewe. Hakuna injini, hakuna betri, hakuna kusukuma. Zilianza Manhattan Beach, California, kwenye kundi la skauti wadogo namba 280C. Kiongozi wao, Don Murphy, alikuwa na mwana aliyetamani kushindana kwenye yale magari makubwa ya mteremko ambayo mtoto hukaa ndani na kuendesha, lakini umri wake ulikuwa bado. Baba akabuni gari dogo la msonobari ambalo mzazi na mtoto wangeweza kulitengeneza nyumbani. Mbio za kwanza zilikuwa tarehe 15 Mei 1953, na mwaka uliofuata chama cha skauti cha Marekani kikazichukua kuwa zake.

Wanaoshindana ni watoto wa chekechea hadi darasa la tano, na tangu 2018 wasichana wamo. Kwa waliokulia Kenya, ni rika la Sungura, skauti wadogo wa huko. Mtoto wako akiuliza sisi na skauti tunahusiana vipi, mwambie kwamba Baden-Powell aliyeuanzisha uskauti amezikwa Nyeri, chini ya Mlima Kenya.

Gari linaruhusiwa kuwa na uzito gani?

Wakia 5, yaani gramu 141.7. Natumia wakia makusudi. Ni neno letu la zamani, wazee wa pwani walipimia dhahabu na manukato, na ndicho kipimo Wamarekani wanachokitumia kwenye mizani ya mashindano. Basi usihangaike na hesabu za kubadilisha vipimo.

Wakia hizo 5 ni za gari zima likiwa tayari: mbao, magurudumu, misumari, rangi, picha za kubandika, kila kitu. Urefu usizidi inchi 7, upana usizidi inchi 2 na robo tatu. Hivyo ndivyo vipimo vya kawaida, lakini kila kundi lina karatasi yake ya kanuni. Iombe siku ileile mtoto anapoleta kiboksi, uisome yote kabla ya kushika msumeno. Nimeona mtoto akilia kwa sababu ya sentensi moja ya karatasi hiyo ambayo nyumbani hakuna aliyeisoma.

Kwa nini tuongeze uzito? Si gari jepesi ndilo lenye mbio?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mzazi aliyelielewa anaweza kumfundisha mtoto jambo kubwa.

Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba pasipo na hewa wala msuguano, kitu kizito na chepesi hushuka sawasawa. Ni kweli. Lakini ndani ya ukumbi hewa ipo. Chukua magari mawili yenye umbo moja, moja la wakia 3 na jingine la wakia 5. Hewa inayazuia kwa nguvu ileile, kwa sababu haijui ndani mna nini, inakutana na umbo tu. Nguvu hiyohiyo inalipunguzia mwendo lile jepesi zaidi kuliko zito. Aliyewahi kuona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikishuka mtaa wa Goma imesheheni magunia anajua kitu kizito kikishachanganya mwendo hakisimamishwi na upepo.

Sababu ya pili ni magurudumu. Sehemu ya nguvu ya mteremko haiendi kwenye kulisogeza gari mbele, inaliwa na kuyazungusha magurudumu. Magurudumu ni yaleyale kwenye gari jepesi na zito, hivyo kwenye gari zito sehemu inayoliwa ni ndogo ukilinganisha na jumla. Msuguano kwenye misumari, nao, huongezeka pamoja na uzito, kwa hiyo hapo gari zito halipati faida wala hasara.

Jumlisha hayo yote: gari la wakia 4 na nusu limeanza mbio likiwa nyuma. Lifikishe 5.

Sawa, uzito ukae wapi?

Nyuma. Uweke uzito hivi kwamba gari lote, likiwa limekamilika, lisawazike kwenye nukta iliyo inchi 1 mbele ya ekseli ya nyuma, yaani misumari inayoshika magurudumu ya nyuma. Kama unasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Sasa sababu yake. Njia za mbio huanza na mteremko ambao mwanzo wake uko juu kiasi cha futi 4, kisha njia inalala na kuwa tambarare hadi mwisho. Njia za mbao za zamani zilikuwa na urefu wa futi 32 hivi, na nyingi za alumini siku hizi ni futi 42. Fikiria gari likiwa pale juu linangoja. Pua imeegemea kijiti kinacholizuia lisianze, mkia uko nyuma yake, na kwa kuwa njia imeinama, mkia uko juu kuliko pua. Ukiweka uzito kwenye pua, uzito huo unaanza safari ukiwa chini. Ukiuweka mkiani, unaanza ukiwa juu, na kila sentimita ya kimo uliyoiongeza ni nguvu ya bure ambayo gari litaigeuza kuwa mwendo.

Unaweza kuliona hilo kwa njia nyingine. Magari mawili yanashuka bega kwa bega. Lenye uzito mbele linafika bondeni, uzito wake umeshafika tambarare, hakuna tena kinachoushusha. Jirani yake mwenye uzito nyuma bado uzito wake uko kwenye mteremko, bado linavutwa. Hicho kitambo kidogo ndicho kinacholipa ushindi.

Kitambo hicho ni kikubwa kiasi gani? Tupige hesabu. Kwa mteremko ulioinama nyuzi 25, kukisogeza kitovu cha uzito, yaani ile nukta gari linaposawazika, inchi 1 kwenda nyuma kunakiinua sentimita 1 na nukta kadhaa. Kimo chote ni sentimita 122, kwa hiyo umeongeza karibu asilimia 0.9 ya nguvu, na mwendo unaongezeka kwa nusu ya hiyo. Kwenye sehemu tambarare ya mita 8 au 9, gari linapata kama sentimita 4 za kumtangulia mwenzake. Kwa jicho la mtu mzima sentimita 4 ni kitu kidogo. Kaa pale mwisho wa njia uone watoto wanavyopishana, utakuta mbio nyingi zinaamuliwa na chini ya hapo.

Kama kundi lenu lina njia ambayo mteremko wake ni mrefu na tambarare yake fupi, faida hii inapungua. Ndiyo maana napenda kuiona njia yenyewe kabla, kama inawezekana.

Kwa nini inchi 1? Nikiusogeza nyuma zaidi si ndiyo nitazidi kushinda?

Kwa karatasi, ndiyo. Kwa gari halisi, kuna mpaka.

Mwaka wa pili wa binti yangu nilikuwa nimeshaielewa hesabu ya hapo juu, nikaamini ukisogea zaidi utapata zaidi. Tukakiweka kitovu cha uzito nusu inchi tu mbele ya ekseli ya nyuma. Nyumbani gari lilisimama vizuri mezani. Siku ya mbio lilishuka kama mshale hadi pale mteremko unapopinda kuwa tambarare, pua ikanyanyuka, gurudumu la mbele likapanda juu ya ule ukanda wa katikati unaoliongoza gari, na gari likasimama kabla ya kumaliza. Mara mbili mfululizo. Binti hakulia, alinitazama tu, na hilo liliniumiza zaidi. Tangu siku hiyo sipunguzi inchi.

Sababu yake ni kwamba magurudumu ya mbele yanahitaji mzigo wa kuyakandamiza. Kitovu kikiwa inchi 1 mbele ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili zikiwa mbali kwa inchi 4 na tatu ya nane (4 3/8) kama zilivyo kwenye mbao ya kiboksini, magurudumu ya mbele yanabeba gramu 32 hivi. Ukikiweka nusu inchi, yanabaki na gramu 16. Gramu 16 hazitoshi kulishika gari chini likipita kwenye kona ya mteremko au kwenye kiungo cha njia ambacho hakikufungwa sawasawa.

Wapo mafundi wanaofika robo tatu ya inchi wakashinda. Hao wamenyoosha misumari yao, wameijua njia, na wamejaribu mara nyingi. Kwa gari la kwanza kabisa la mtoto mimi huenda hata inchi 1 na robo. Gari linalomaliza mbio zote bila kuruka linapita magari mengi yenye haraka lakini yanayoyumba.

Nitajuaje kitovu cha uzito kiko wapi?

Zipo njia mbili, zote za nyumbani.

Ya kwanza, simamisha rula kwa ukingo wake juu ya meza, ishike isianguke, kisha laza gari juu yake kwa kukingama. Lisogeze taratibu mpaka lisawazike, lisiinamie mbele wala nyuma. Pale rula inapogusa tumbo la gari ndipo kitovu kilipo. Weka alama ya penseli, pima umbali hadi ekseli ya nyuma. Gari liwe na magurudumu yake yote unapopima. Mtoto wa miaka sita anaiweza kazi hii na anaifurahia mno.

Njia ya pili naipenda zaidi kwa sababu inatoa namba. Chukua mizani ya jikoni ya dijitali. Weka magurudumu ya mbele juu ya mizani, na ya nyuma juu ya kitabu au kibao chenye kimo sawa na mizani, gari likae limenyooka. Mizani itakuonyesha mzigo wa mbele. Kama gari zima ni gramu 141 na ekseli hazikuhamishwa, unatafuta gramu 32. Ikisoma 40, uzito uko mbele mno, sogeza nyuma. Ikisoma 20, rudisha mbele.

Fanya haya kabla ya kutoboa chochote. Bandika uzito juu ya gari kwa selotepu, sogeza huku na huku, pima tena. Ukishapata mahali pake, chora, ndipo uchukue keekee.

Mbao ina upande wa mbele na wa nyuma?

Ina. Pima kutoka kila ncha hadi kwenye mfuo wa ekseli, ule mchirizi wa kuingizia misumari, ulio karibu nayo, utaona umbali haulingani. Mfuo ulio karibu na ncha ndio uufanye wa nyuma, kwa sababu hapo ekseli, na kitovu pamoja nayo, vinarudi nyuma zaidi. Makundi mengine yana kanuni kuhusu hili, na mengine hayaruhusu kukata mifuo mipya.

Uzito uwe juu ya gari au chini?

Chini, karibu na usawa wa ekseli. Watu wengi hudhani wakiuinua uzito juu ya gari watapata kimo kama kile cha kuupeleka nyuma. Hawapati. Uzito uliorundikwa juu ya gari unakuwa juu mwanzoni na unabaki juu mwishoni, kwa hiyo haujashuka zaidi. Unachovuna ni gari lenye kuyumba.

Ila usiubandike chini ya tumbo ukaning'inia. Katikati ya njia kuna ukanda ulioinuka robo inchi hivi, na gari linapita juu yake. Kanuni ya kawaida inataka nafasi ya inchi tatu ya nane chini ya gari. Uzito ukigusa ule ukanda, gari limepigwa breki.

Ninunue uzito wa nini?

Hapa inabidi nikae kidogo.

Mbao ya kiboksini ikiwa nzima ina uzito mkubwa peke yake, hata gramu 100 na zaidi, maana msonobari hutofautiana kipande kwa kipande. Uzito huo wa mbao umetawanyika gari zima, mbele na nyuma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuupunguza: chonga gari liwe jembamba, hasa mbele. Gari lililochongwa vizuri, pamoja na magurudumu na misumari, linaweza kushuka hadi gramu 55. Hapo una zaidi ya gramu 85 za kuweka unapotaka wewe. Huo ndio utajiri wako. Gari nene lililobaki kama tofali halikuachii cha kupanga.

Sasa gramu 85 zinahitaji nafasi gani? Zinki itakula sentimita za ujazo 12. Chuma, karibu 11. Risasi, 7 na nusu. Tungsteni, 4 na nusu au 5. Ona tofauti. Tungsteni ina msongamano wa gramu 19 kwa kila sentimita ya ujazo, kama mara 1.7 ya risasi, na hiyo maana yake unaweza kuukusanya uzito wote kwenye kijitundu kidogo karibu na ekseli ya nyuma. Zinki inakulazimisha kutambaa kuelekea mbele kwa kukosa nafasi, na ukitambaa mbele umeipoteza ile faida tuliyoipigia hesabu.

Tungsteni ni ghali. Mara nyingi itakugharimu kuliko kiboksi chenyewe. Ushauri wangu ni uinunue mara moja, ya vijipande vya duara au vya pembe nne, na uifunge kwa namna ambayo itatoka. Ile yetu imekaa kwenye magari sita. Mtoto mmoja akimaliza skauti, anamrithisha mdogo wake.

Kama bajeti hairuhusu, usione aibu hata kidogo. Nati na bolti za chuma zinafanya kazi. Sarafu za senti moja za Marekani zilizotengenezwa baada ya 1982 ni za zinki iliyopakwa shaba, gramu 2.5 kila moja, zinapangika vizuri kwenye tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 19 na kidogo. Za kabla ya hapo ni za shaba na zina gramu 3.1, ukizipata ni bora zaidi. Mwanangu mkubwa alishika nafasi ya tatu kwa gari la sarafu na nati, kwa sababu tulichonga mbele likawa jembamba na misumari tuliisugua mpaka ikang'aa.

Naona chubwi za kuvulia samaki ni za bei nafuu. Nitumie?

Chubwi nyingi ni za risasi. Risasi ni sumu, na kwa watoto ni sumu mbaya zaidi kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Simwachii mtoto aishike, na sikubali isagwe, ipigwe tupa wala iyeyushwe jikoni. Vumbi lake na moshi wake ndivyo vinavyodhuru zaidi. Angalia pakiti: siku hizi kuna chubwi za chuma na za bati, hizo ni sawa.

Kuna mkanganyiko mmoja wa lugha yetu niuondoe hapa. Sisi tunaita penseli kalamu ya risasi. Ile nyeusi ya ndani si risasi, ni grafiti. Unga wa grafiti unaotiwa kwenye misumari ili magurudumu yateleze hauna risasi ndani yake, usiuogope kwa jina. Unachafua tu.

Nitoboe vipi bila kupasua mbao?

Toboa kabla ya kuchonga umbo la mwisho, mbao ikiwa bado nene na ikiwa imebanwa kwenye jiliwa. Mimi hutoboa kutoka ubavuni, au kutoka chini, kwa keekee ya inchi tatu ya nane, matundu mawili au matatu pembeni ya ekseli ya nyuma: moja mbele yake, na kama kuna nafasi, moja nyuma yake. Usiukaribie mfuo wa ekseli kwa chini ya milimita 4 au 5. Mbao ikipasuka pale, msumari hautakaa sawa tena na gari limekwisha.

Vaeni miwani ya kukinga macho, wewe na mtoto. Kisha jaza uzito bila gundi kwanza, pima jumla, pima kitovu, ndipo uweke gundi. Gundi ya epoksi inashika sana, lakini haitoki tena. Kama unataka kuirithisha tungsteni, tumia gundi ya moto kidogo na uzibe kwa mkanda wa alumini. Kumbuka gundi na rangi nazo zina gramu zake. Acha nafasi ya gramu 3 mpaka rangi ikauke.

Kushoto na kulia vilingane?

Kwa gari la kawaida, ndiyo. Wapo wanaoinua gurudumu moja la mbele lisiguse njia, na kuliinamisha jingine ili gari litambae kwa kuusugua ule ukanda upande mmoja kwa upole badala ya kugongagonga pande zote mbili. Hao huongeza uzito kidogo upande wa gurudumu linaloongoza. Ni ufundi wa kweli na unafanya kazi, lakini makundi mengine yanataka magurudumu yote manne yaguse chini. Kwa mwaka wa kwanza liache.

Naweza kuacha vipande vicheze ndani ili visogee vyenyewe?

Hapana. Kanuni hukataa, na hata zisingekataa, kitu kinachogongagonga ndani kinakula mwendo.

Nyumbani mizani ilisema 5.0, kwenye mashindano inasema 5.1. Nifanye nini?

Mizani ya mashindano ndiyo yenye neno la mwisho, usibishane na wasimamizi, wengi ni wazazi wanaojitolea kama wewe. Jiandae mapema. Nyumbani lifikishe gari gramu 140, kisha liwe na kitu kidogo cha kuongeza au kupunguza: kuna tungsteni laini inayofinyangwa kama udongo, unabandika kibonge kwenye tundu la chini na kukikwangua kwa ukucha mpaka mizani ikubali. Kama huna, funga skrubu fupi nyuma ya gari unayoweza kuibadilisha na ndogo yake. Chukua bisibisi, selotepu na vibonge hivyo kwenye mfuko siku ya kupima.

Mbao pia hunywa unyevu. Gari lililokaa chumba cha chini chenye unyevunyevu huweza kuongezeka uzito kidogo, kwa hiyo liweke mahali pakavu usiku wa kuamkia kupimwa.

Mtoto afanye nini na mimi nifanye nini?

Nina msimamo hapa na sitauficha. Gari ni la mtoto. Wewe ni wa msumeno na keekee, na hata hapo mtoto wa miaka tisa au kumi anaweza kushika keekee mkono wako ukiwa juu ya wake. Kupima uzito, kutafuta kitovu, kuamua kipande kihame sentimita moja, hiyo ni kazi yake yeye. Nimeona magari yaliyochongwa na baba usiku mtoto akiwa amelala, yakashinda, na mtoto alipoulizwa na wenzake gari lake limetengenezwaje hakuwa na la kusema. Mwingine alishika nafasi ya nane, akasimama na rula yake akiwaonyesha wenzake mahali gari linaposawazika, huku kundi zima limemzunguka. Ningependa wangu awe huyo wa pili.

Usimkimbize. Tenga jioni nne za saa moja moja, wala usisubiri Jumamosi moja ya mwisho. Mwache akosee kwa selotepu kabla hamjakosea kwa gundi.

Tumefuata yote, uzito uko sawa, na gari limekuwa la mwisho. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni magurudumu na misumari. Uzito unatoa nguvu, lakini gurudumu lililobana au msumari uliopinda unaimeza yote. Liweke gari juu ya meza iliyo sawa, lisukume polepole umbali wa futi 4. Likikata kona, msumari mmoja haujanyooka. Zungusha kila gurudumu kwa kidole ukiwa umelishika gari juu: linalosimama upesi ndilo lenye kosa. Toa msumari wake, sugua vipele vilivyo karibu na kichwa kwa msasa laini sana wenye maji, ukaushe, tia grafiti, rudisha. Usiuguse uzito. Wazazi wengi wakishindwa huanza kuchimbua matundu na kuhamisha uzito mbele, na mwaka unaofuata wanaanza na gari lililo polepole zaidi kuliko lile waliloliacha.